Mkutubi akihesabu makala, anapima nini?

Mpwa wangu anasomea ukutubi Bungoma. Majuzi nilikwea bara kwa shughuli zangu Kitale, nikapitia kwake kumjulia hali. Nilimkuta ameinamia kompyuta, na ubavuni ana daftari lililojaa vijistari vitanovitano, kama la karani anayepokea magunia ya mahindi.

“Mjomba, tumepewa kazi ya kupima jarida.”

Nikamuuliza linapimwa kwa ratili au kwa pishi. Alicheka, lakini mimi nilikuwa nauliza kweli. Diploma yangu ni ya miaka mingi na sikuwahi kusikia jarida likipimwa.

Kumbe hupimwa, na kuna watu ambao vyeo vyao vinategemea hesabu hizo.

Elimu yenyewe huitwa bibliometriki. Jina hilo lilienezwa na Mwingereza Alan Pritchard mwaka 1969, ingawa Mhindi S. R. Ranganathan, ambaye kila mwanafunzi wa ukutubi humsoma, alikwisha kupendekeza jambo la namna hiyo mwaka 1948. Unachukua jarida moja (mpwa wangu alipewa lile la ukutubi, nyaraka na habari linalotoka Ibadan, Nigeria, tangu 1991), unachagua miaka, kisha kila makala unaipa mstari wake: mwaka iliotoka, waandishi wangapi, wa chuo gani, nchi gani, mada gani, marejeo mangapi. Halafu unajumlisha. Tuseme umepata makala 40, na 28 kati yake zimeandikwa na zaidi ya mtu mmoja. Gawa 28 kwa 40, unapata 0.7. Hicho ndicho kipimo cha ushirikiano. Ukiona kinapanda mwaka hadi mwaka, ujue watu wameacha kuandika peke yao.

Jasho liko kwenye majina. Mtu mmoja mwaka huu kaandika jina lake lote, mwaka ujao kaweka herufi za kwanza tu, nawe ukamhesabu kama watu wawili. Sisi akina Mohamed, Muhammad na Mohammed hatuhitaji kuelezwa taabu hiyo.

Mwaka 1926 Alfred Lotka, aliyekuwa Marekani, alihesabu waandishi wa kemia na fizikia akagundua mpango fulani. Wakiwapo watu 100 walioandika makala moja moja, walioandika mbili watakuwa kama 25, walioandika tatu kama 11, na walioandika nne kama 6. Yaani wengi hupita mara moja tu, na wachache ndio wanaobeba mzigo. (Mwaka huohuo Kanali Stoneham alianzisha makumbusho yake Kitale, akikusanya wadudu na vitabu. Kila mtu na anachokihesabu.) Waliosoma elimu ya hadithi hawatashangaa. Masahaba waliopokea hadithi zaidi ya elfu moja hutajwa kuwa saba tu, Abu Huraira akiwatangulia kwa 5,374 katika hesabu iliyozoeleka.

Miaka minane baada ya Lotka, Samuel Bradford, mkutubi wa Makumbusho ya Sayansi ya London, aliona jambo linalomgusa moja kwa moja mkutubi wa mji mdogo. Ukikusanya makala zote za somo moja, theluthi ya kwanza utaipata kwenye majarida machache sana. Theluthi ya pili itakutaka majarida mara kadhaa zaidi ya hayo, na ya tatu ndiyo itakayokuzungusha, makala moja hapa, moja kule. Kwa mwenye bajeti ya Bungoma, maana yake ni kwamba akiyajua yale machache ya katikati na kuyalipia hayo kwanza, msomaji wake hatakosa mengi.

Hapo hesabu ina manufaa. Taabu huanza inapogeuzwa kuwa ngazi ya cheo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vya kuajiri na kupandisha wahadhiri mwaka 2014, na kuchapisha makala ni sehemu yake. Mhadhiri kijana, awe Kibabii pale Bungoma au kwetu Pwani, anajua hilo kabla hajaingia darasani. Basi wakatokea wafanyabiashara wa majarida. Unatuma makala leo, kesho kutwa unaambiwa imekubaliwa, lipa. Hakuna mtaalamu aliyeipitia. Mkutubi wa Colorado, Jeffrey Beall, alikuwa akiweka orodha ya wachapishaji wa namna hiyo mpaka alipoiondoa Januari 2017. Mtu akilipa, makala yake itaingia kwenye hesabu kama nyingine, na kijistari cha daftarini hakitaonyesha tofauti.

Watu wa Kitale wanalijua hili kuliko maprofesa. Huko stoo za nafaka, karani akishahesabu magunia kazi haijaisha. Bambo linachomwa ndani ya gunia, punje zinatolewa, unyevu unapimwa, na ukizidi asilimia 13.5 mzigo unarudi ukaanikwe. Kwenye majarida watu wamehesabu sana, bambo hawajalishika vya kutosha. Wapo wanaosema bambo ni kuangalia makala imenukuliwa na wenzake mara ngapi. Inasaidia, lakini marafiki hunukuliana, na makala mbovu nayo hunukuliwa na wanaoipinga.

Nikamuuliza mpwa wangu: katika safu zako zote, iko wapi inayosema utafiti ulifanyika mahali gani? Hakuwa nayo. Alikuwa na chuo cha mwandishi tu, na hayo ni mambo mawili. Mtu anaweza kukaa Nairobi akaandika juu ya Webuye, au akakaa Bungoma akaandika juu ya Marekani. Wakenya wawili, Omwoyo Bosire Onyancha na Dennis Ocholla, walipochapisha mwaka 2004 ulinganisho wa maandishi kuhusu ukimwi ya Kenya na Uganda, nchi inayoandikwa ndiyo iliyokuwa msingi wa swali lao.

Kwa nini nang'ang'ania safu hiyo? Kwa sababu katiba ya 2010 imeziweka maktaba chini ya kaunti. Siku ya kugawa bajeti Trans Nzoia, Bungoma au Kilifi, mwakilishi wa wadi atauliza maktaba inatumiwa na nani, na kwa nini asipeleke pesa hizo kwenye barabara. Mkutubi asiyekuwa na makala hata moja iliyochunguza maktaba ya kaunti yake atajibu kwa maneno matupu. Mhadhiri wa barabara hakosi takwimu.

Kijana akakuna kichwa, maana alikuwa ameshafika mwaka wa sita wa jarida lake na kuongeza safu ni kurudi mwanzo. Nilipofika Mombasa nikakuta ujumbe wake: ameanza upya, na bando limekwisha, mjomba.