Mwenye Figo ya Kupandikizwa Asingoje Homa Ipite

Virusi vya influenza huzunguka Kenya mwaka mzima, lakini ikifika Julai kila mtu Donholm anavikumbuka. Madirisha ya matatu yamefungwa kwa baridi, msongamano wa Outering hausogei, na abiria wa kiti cha nyuma anakohoa. Wengi watalala siku tatu, wanywe chai ya tangawizi, warudi kazini. Jirani yao aliyepandikizwa figo hana uhakika huo.

Upandikizaji wa figo ulianza nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo hufanywa Kenyatta, Moi kule Eldoret na katika hospitali kadhaa za kibinafsi. Figo ya mwenzio, hata awe ndugu wa tumbo moja, mwili huiona kuwa mgeni. Ndiyo maana mgonjwa humeza takrolimasi, maikofenoleti na prednisoloni siku zote. Dawa hizo huzituliza chembe za kinga zisiishambulie figo, ila chembe hizo hizo ndizo zinazowinda virusi mapafuni. Kwa hiyo virusi vinavyomtoka mtu mwingine kwa siku chache vinaweza kukaa kwa mgonjwa huyu wiki kadhaa, na nimonia hupata mlango. Isitoshe, prednisoloni huweza kuficha joto la mwili. Usiseme huumwi kwa sababu tu kipimajoto kimetulia.

Mwaka 2010, jarida la Lancet Infectious Diseases lilichapisha utafiti wa watu 237 waliopandikizwa viungo na kuugua influenza ya H1N1, virusi vilivyothibitishwa Kenya pia mwishoni mwa Juni 2009. Asilimia 71 walilazwa, asilimia 16 wakaingia chumba cha wagonjwa mahututi, na asilimia 4 wakafariki. Ulikuwa mwaka wa janga, kwa hivyo takwimu hizo tusizibebeshe kila msimu. Mimi naitazama zaidi hesabu nyingine: kati ya walioanza dawa ya virusi ndani ya saa 48, asilimia 8 ndio waliofika kwa mahututi, kati ya waliochelewa, zaidi ya asilimia 22. Dawa yenyewe, oseltamiviri, haigombani na takrolimasi. Daktari anayeshuku influenza haimpasi kungoja majibu ya maabara ndipo aianze, na hata saa 48 zikipita bado inafaa kutolewa.

Saa hizo mara nyingi hupotelea kwenye kemisti. Mtu anapita dukani jioni, anaeleza kifua kinambana, anatoka na antibayotiki na vidonge vya maumivu. Antibayotiki haiui virusi. Ikiwa ni klarithromaisini au erithromaisini, inapandisha takrolimasi katika damu hadi kiwango kinachoiumiza figo. Ibuprofeni na dikilofenaki nazo huidhuru figo moja kwa moja. Kwa maumivu, parasetamoli kwa kipimo chake inatosha. Kosa la upande wa pili ni kuacha dawa za kutuliza kinga kwa hiari yako ili mwili upate nguvu ya kupigana. Hapo unaikaribisha hatari ya mwili kuikataa figo. Kuzipunguza ni uamuzi wa daktari wa figo peke yake.

Chanjo hutolewa kila mwaka, na aliyetoka kupasuliwa hushauriana na kliniki yake kuhusu lini aanze. Ya sindano ina virusi vilivyouawa, haiwezi kukuambukiza. Ile ya kupuliziwa puani ina virusi hai na haimfai. Lazima niseme wazi kwamba kinga iliyotulizwa huitikia chanjo kwa unyonge. Ndiyo maana mume, watoto na dada wa kazi wachanjwe pia, ingawa gharama mara nyingi hutoka mfukoni, na kwa familia ya vyumba viwili pale Savannah hiyo si hela ndogo. Bajeti ikibana, ningeanza na mgonjwa mwenyewe, kisha anayelala naye chumba kimoja.

Kikohozi kikianza, pigia kliniki yako ya figo siku hiyo hiyo. Simu isipopokelewa, nenda Mama Lucy au hospitali yoyote iliyo karibu, na neno la kwanza mapokezi liwe kwamba una figo ya kupandikizwa. Beba dawa zako zote na karatasi ya kreatinini ya mwisho, kwa sababu kipimo cha oseltamiviri hupangwa kulingana na figo inavyofanya kazi.