Kunung'unika si sawasawa na kulia mbele ya Mungu



Sisi wa mwaka wa sita tuliombwa kuandika juu ya kumtegemea Mungu wakati wa shida. Tulitaka kukataa, juu ninyi nyote mlitusikia mwezi uliopita katika chumba cha kulia. Barabara ilikatika kwa mvua, lori ya unga haikufika, na bukari ilipungua siku kwa siku. Sisi njo tulianza kugonga sahani kwa vijiko. Sisi njo tulisema: « Hii masomo itafungwa tu! » Mama mpishi alisikia, akanyamaza.

Basi tumerudia kusoma habari za Waisraeli, na tumeona jambo ambalo hatukulijua. Katika Kutoka sura ya 16, watu wametoka Misri mwezi mmoja tu, nao wana njaa ya kweli. Wananung'unikia Musa na Haruni, lakini Mungu hawapigi. Anawapa kware jioni na mana asubuhi. Mungu anajua tumbo tupu ni nini. Lakini katika Hesabu sura ya 11 mana inashuka kila usiku, na sasa wanalilia nyama. Wanahesabu samaki waliokula bure huko Misri, na matango, na matikiti, na vitunguu. Bure? Na matofali je? Na fimbo za wasimamizi wa Farao? Na watoto wanaume waliotupwa mtoni? Hapo njo tunaelewa manung'uniko ni kitu gani: yanaanza na njaa, kiisha yanageuza hata kumbukumbu, mpaka utumwa unaonekana kama karamu. Sisi vilevile tulisema kwamba mwaka jana tulikula vizuri. Mama mpishi anakumbuka kwamba mwaka jana pia tuligonga sahani.

Mwingine atauliza: basi tunyamaze tu? Hapana. Katika Zaburi ya 13 mwenye kuomba anamwuliza Mungu mara nne kwamba shida itaendelea mpaka lini. Lakini anamwuliza Mungu mwenyewe. Waisraeli walilia kila mtu mlangoni pa hema yake. Walisema juu ya Mungu, hawakusema naye. Musa, katika sura ileile ya Hesabu, alichoka kabisa, hata akaomba afe. Yeye alimwambia Mungu, na Mungu akampa wazee 70 wa kubeba mzigo pamoja naye. Maneno ya Musa yalikuwa makali kupita ya watu, lakini yalipelekwa mahali pake.

Hata hapa kwetu ni vile. Kwenda kwa Bwana Prefe na kumwambia kwa heshima kwamba wadogo wanalala na njaa, hiyo si manung'uniko. Tulifanya hivyo siku ya tano, nasi tungeanza na hiyo. Saa ileile alituruhusu kuchimba mihogo katika shamba la masomo, ijapo ilikuwa bado midogo.

Na mana ilikuwa pishi moja kwa kila mtu, ya siku moja. Aliyeificha mpaka asubuhi alikuta mabuu, isipokuwa ile ya Sabato. Sisi tunaongojea mtihani wa Serikali, na wale ambao wazazi hawajapata feza ya masomo, tunajua namna gani ni ngumu kuomba ya leo tu.

Juu ya nini tunaandika haya yote? Juu ya mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza. Yeye aliamini maneno yetu. Alifunga kisanduku chake alfajiri, akarudi kwao kwa miguu, safari ya siku mbili. Siku tatu nyuma yake lori ilifika. Tumempelekea barua kwa mkono wa mchungaji aliyekwenda upande ule, tukaandika kwamba unga upo, kwamba tulisema uongo, na kwamba kitanda chake hakijapewa mtu. Mpaka leo jibu halijafika.