Ruhusa ya Kuendesha Motokari Si Mwisho wa Masomo

Ninyi vijana mliokwisha kupokea ruhusa ya kuendesha motokari, twawapongeza. Lakini mjue ya kuwa wengi wenu mmejifunza katika njia za mji, kwa mwendo mdogo. Kesho mtatumwa Likasi au Kolwezi, katika barabara kuu, kati ya makamyo yabebayo shaba. Huko hesabu ni nyingine.

Motokari iendayo kilometa 90 kwa saa yapita mita 25 kwa sekunde moja. Dereva aonaye mbuzi njiani hukawia kama sekunde moja kabla mguu wake haujakanyaga breki. Mita 25 zimekwisha, na mwendo haujapungua hata kidogo! Tena, mwendo ukizidishwa mara mbili, nafasi inayotakiwa ili breki ziisimamishe motokari huzidi mara nne. Basi, uache nafasi nyuma ya mwenzako. Chagua nguzo au mti: yeye akiisha kuupita, hesabu sekunde mbili. Ukiufikia kabla ya kumaliza, umemkaribia mno. Wakati wa mvua, hesabu nne.

Jambo la pili ni kuwapita wengine. Kwetu Kongo twashika upande wa kuume. Zambia hushika wa kushoto, na upande hubadilika pale mpakani Kasumbalesa. Makamyo mengi yatokayo kusini yana usukani upande wa kuume. Yakiwa kwetu, dereva hukaa upande wa ukingo wa barabara, wala haoni vema yajayo mbele mpaka ametokeza kichwa cha kamyo. Likija mbele yako kamyo la namna hiyo, uwe tayari kupunguza mwendo. Nawe ukitaka kulipita kamyo, usilisogelee. Kaa mbali upate kuona njia. Usipouona uso wa dereva katika kioo chake, naye hakuoni. Usipite kamwe penye kona, wala juu ya kilima, wala penye mstari usiokatika.

Usiku, uende kwa mwendo utakaokuwezesha kusimama ndani ya mwanga wa taa zako. Kamyo lililoharibika mara nyingi halina taa. Matawi ya miti yaliyotandikwa njiani ndiyo onyo lake. Ukiharibikiwa wewe, weka alama mbali nyuma yako, na ukiondoka, uyaondoe matawi yako.

Watu husema: ajali haina kinga. Lakini aliyeacha nafasi, akafunga mshipi, akakataa pombe, amejikinga na mengi. Tajiri atakuhimiza, abiria watakucheka na kukuita mwoga. Waache wacheke. Usukani umo mikononi mwako peke yako. Na siku ya msiba, atakayeulizwa ni wewe, si wao.