Vyuma vya vita vya Takaungu na mashine inayolia

Takaungu ni mji wa zamani ulioko kusini ya mto wa Kilifi, na wenyeji wake hawana haja ya kuambiwa kwamba ardhi yao imewahi kunywa damu. Mazrui walihamia huko baada ya Seyyid Said kuitwaa Mombasa mwaka 1837, jamaa zao wengine wakaenda Gazi, na mji ukastawi kwa nafaka iliyopakiwa majahazini. Kisha ukafika mwaka 1895. Mwezi wa Februari alifariki Sheikh Salim bin Khamis, aliyekuwa mkubwa wa Takaungu. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imeushika mwambao ikamkalisha mwanawe, Rashid bin Salim, ikampita Mbaruk bin Rashid, binamu yake aliyemzidi umri na aliyejiona ndiye mwenye haki.

Mbaruk akaondoka na watu wake hadi Gonjoro. Waingereza wakamfuata huko wakapashambulia, na mwezi wa Julai vita vikarudi Takaungu kwenyewe. (Msomaji asimchanganye Mbaruk huyu na Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mwenye jina lile lile hadi la baba, ambaye naye aliingia katika vita hivyo.) Agosti Admirali Rawson akaiteka Mweli, na Aprili 1896 Mbaruk wa Gazi na wafuasi wake wakavuka mpaka wakajisalimisha kwa Wajerumani.

Hayo ni ya vitabuni. Yaliyobaki ardhini ni mengine: risasi za mviringo, marisaa, maganda ya shaba, mitutu ya magobori na ya gumegume. Mimi na mwenzangu mmoja, fundi wa injini za mashua hapa Malindi, tuna ugonjwa wa kuvipenda vitu hivi. Mimi nina madaftari tu. Yeye ana mashine.

Mashine yenyewe ni fimbo ndefu yenye sahani chini yake. Ndani ya sahani mna duara la waya, na umeme ukipita humo hueneza nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na chuma, shaba au risasi, nacho kitu kile hujibu kwa nguvu yake ndogo, na mwenye kuishika husikia mlio masikioni. Wageni wanaopoteza pete ufuoni humwita mwenzangu, naye huzipata pete zao na kurudi nyumbani na vifuniko vya soda mfuko mzima. Mchanga uliorowa maji ya chumvi huipumbaza mashine. Udongo mwekundu wa Magarini nao una chuma ndani yake, ukaifanya ipige kelele bure. Tena pana mavi ya chuma ya wahunzi wa kale. Al-Idrisi, aliyeandika mwaka 1154, aliitaja Malindi kwa chuma chake. Basi mtu hutafuta risasi ya juzi akajibiwa na mhunzi wa karne nyingi nyuma.

Karibuni mzee mmoja wa upande wa Takaungu alituita. Alikuwa akichimba shimo la kupanda mnazi, jembe likagonga kitu. Tulipofika tulikuta kipande cha mtutu wa gobori, kimevimba kutu, na ukingoni mwa shimo risasi mbili nyeupe kama meno. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amekwisha kupita na mizani yake, akataja bei isiyofika kilo ya sukari.

Mjukuu wa mzee aliiona mashine ndani ya gunia. "Iwashe, ami, tusikie!"

Mwenzangu akatikisa kichwa. "Hii haiwashwi hapa, mwanangu."

Kijana alinuna, nami nakiri kwamba masikio yangu pia yalikuwa yakiwasha. Lakini sheria ya Makumbusho ya Taifa ya mwaka 2006 iko wazi: kutafuta vitu vya kale, iwe kwa kuchimba au kwa kupekua juu ya ardhi, kwahitaji leseni. Aliyekiokota kwa bahati, kama mzee huyu, ana siku saba za kuwaarifu Makumbusho pahali hasa alipokipata na jinsi alivyokipata. Na kitu cha kale kilichokuwa chini ya ardhi ni mali ya serikali.

"Ya serikali?" akauliza mzee. "Shamba langu, jembe langu, jasho langu. Mimi napata nini?"

Swali hilo si la kuchekwa. Mzee akaongeza la dini: je, hii si rikazi, atoe khumsi na nyingine iwe yake? Katika madhehebu ya Imam Shafi, rikazi ni dhahabu au fedha iliyozikwa na watu wa Jahiliya. Mali iliyojulikana kuwa ya Waislamu ni ya mwenyewe na warithi wake, na asipojulikana huwa ni lukata, hutangazwa mwaka mzima. Mtutu wa gobori si dhahabu, na aliyeushika mwaka 1895 yamkini aliswali katika msikiti ule ule anaoswali mzee. Fatwa ni ya wanachuoni, nasi si wao, tukamwelekeza kwao.

Lakini mwenzangu alikuwa na jibu la namna nyingine. Akamweleza habari ya Little Bighorn, huko Montana, Marekani, ambako mwaka 1876 jeshi la Custer lilimalizwa na wenyeji wa asili. Moto uliunguza nyasi za uwanja ule mwaka 1983, na mwaka uliofuata wataalamu wakawaalika watu kama sisi, wenye mashine zao, wakatembea kwa safu. Kila mashine ilipolia palitiwa kibendera, na kila ganda likapimwa lilipolala kabla ya kuokotwa. Pini ya bunduki huacha alama yake kwenye ganda, kama kidole. Basi wakaweza kuifuata bunduki moja kutoka kilima hata kilima, na mambo waliyoyaona yakakaribiana na masimulizi ya wajukuu wa wapiganaji kuliko hadithi za kishujaa zilizopambwa na Wazungu.

"Unaona, mzee," akasema, "risasi hizi mbili zikikaa hapa zitasema nani alisimama wapi. Zikienda kwenye mizani zimekuwa bubu."

Mimi naona hapo ndipo penye kiini. Gede, iliyochimbuliwa na James Kirkman tangu 1948, mna nyumba iitwayo ya mkasi kwa sababu mkasi ulipatikana humo. Ungeokotwa na kuuzwa Malindi, leo ungekuwa mkasi tu.

Tukafunga kamba kutoka kwenye mwembe hadi shimoni, tukapima, tukachora. Risasi tuliziacha zilipo. Mtutu tuliufunika kwa udongo wake, maana chuma kilicholala katika chumvi kikipigwa na hewa huanza kupasuka. Vyuma vya jahazi ya Kireno Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Ngome ya Mombasa mwaka 1697, vilihitaji matibabu marefu baada ya kutolewa baharini.

Alasiri mwenye mizani akarudi. Mzee akamtazama, akatutazama sisi, akamwambia leo hakuna biashara. Kisha akamgeukia mwenzangu.

"Waandikie hao wa Makumbusho. Lakini waambie waje mapema. Mvua zi karibu, na mnazi wangu haungoji."

Mwenzangu aliyaandika maneno hayo chini ya vipimo, kama yalivyo, na barua ikafika ofisini Malindi siku ya pili yake.