UZI: Volkano ililipuka Iceland, sisi Tassia tukakosa unga. Nani hulipia maafa?

1/ Kila mjadala wa maafa ukianza huku mtandaoni, lazima mtu aseme: "Hiyo ni kazi ya Mungu, serikali ingefanya nini?" Leo nataka kuwaonyesha swali ambalo hilo jibu linaruka. Nitatumia mwaka wa 2010, wakati volkano ya Iceland ilinitoa kazini nikiwa hapa Eastlands. Uzi ni mrefu kidogo, vumilieni.

2/ Nilikuwa naishi Tassia, chumba kimoja. Kibarua changu kilikuwa ghala la kupakia mboga karibu na uwanja wa ndege wa JKIA. Tunachambua mishiri, tunakata ncha, tunapima, tunafunga kwenye pakiti zenye bei ya pauni tayari. Usiku inapanda ndege, kesho yake iko supamaketi Uingereza.

3/ Ijumaa, 16 Aprili 2010, tulifika getini saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida. Supavaiza akatoka: "Leo hakuna ndege. Rudini nyumbani, tutawapigia simu." Mama mmoja akauliza ndege zimeenda wapi. Akaambiwa kuna mlima umelipuka huko Ulaya. Tulicheka. Tulidhani ni mbinu mpya ya kutufuta.

4/ Kumbe ni kweli. Mlima unaitwa Eyjafjallajökull (msijaribu kutamka). Tarehe 14 Aprili ulilipuka chini ya barafu. Uji wa moto ukikutana na barafu hupasuka vipande vidogo sana, unakuwa jivu laini linaloruka kilomita kadhaa juu. Upepo ukalisukuma moja kwa moja hadi anga ya Ulaya.

5/ Kwa nini ndege ziogope jivu? Hili si jivu la makaa. Ni vumbi la mawe na kioo. Ndani ya injini linayeyuka kwa joto, kisha linaganda kwenye mapanga na kuziba hewa. Mwaka 1982 ndege moja ya Uingereza ilipita kwenye jivu la mlima Galunggung, Indonesia, na injini zote 4 zikazima. Rubani alifaulu kuziwasha tena ikiwa imeshuka sana.

6/ Kwa hivyo anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ilifungwa karibu wiki nzima. Safari kama 100,000 zilifutwa, abiria karibu milioni 10 wakakwama. Huko Iceland kwenyewe watu mia kadhaa walihamishwa mapema na mlipuko haukuua mtu. Pigo kubwa likaangukia watu waliokuwa mbali na mlima. Sisi tukiwemo.

7/ Kenya wakati huo ilikuwa inapeleka maua na mboga Ulaya kila usiku. Ua haliwezi kungoja, na mishiri ikikaa siku chache inanyauka. Taarifa za siku hizo zilisema nchi inapoteza karibu dola milioni 3 kwa siku. Maua yalitupwa kwa matani. Vibarua kama 5,000 wa maua na mboga wakarudishwa nyumbani. Mimi nilikuwa mmoja wao.

8/ Sasa angalieni nani alipata nini. Abiria wa mashirika ya Ulaya walikuwa na sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2004, namba 261. Ukikwama, shirika likupe chakula na mahali pa kulala. Shirika moja likabisha kwamba volkano imepita kiasi. Mwaka 2013 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya ikaamua: hata ikiwa ni volkano, abiria lazima atunzwe.

9/ Mashirika ya ndege nayo yalipiga kelele kwamba marufuku ni kali mno. Ndani ya siku chache sheria ya "jivu lolote, usiruke" ikabadilishwa, vikawekwa viwango vya jivu ambalo injini inaweza kuvumilia. Wauzaji wa Kenya walitafuta njia ya Uhispania: mzigo unashukia kule, halafu malori yanaupeleka kaskazini.

10/ Na sisi wa getini? Hatukupata kitu. Siku usiyofanya kazi, hulipwi. Nilikula kwa deni kwa mama mboga hadi akaanza kuniuliza kwa upole kama simu ya kazini imeingia. Landilodi hakuuliza kwa upole. Tuliporudi, waliitwa nusu kwanza. Yule mama wa swali la ndege hakuitwa, na sikuwahi kumuona tena pale.

11/ Hapa ndipo mjadala ulipo. Upande mmoja unasema: mwajiri naye alipata hasara, angewalipa na nini? Hiyo hoja ina uzito. Mzigo umeoza, mnunuzi halipi, mkopo wa benki unaendelea. Ukimlazimisha alipe kila mtu mshahara kamili kwa mwezi mzima, wengine watafunga kabisa.

12/ Upande wa pili unasema: faida ya miaka yote haikugawanywa na kibarua, mbona hasara ndiyo imfikie wa kwanza? Na jueni kuna sheria. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi, anahesabika kuwa mfanyakazi wa mwezi. Hapo ana haki ya notisi. Humwambii tu "tutakupigia."

13/ Shida ni kwenye utekelezaji. Wengine hupumzishwa siku chache kila mwezi ukikaribia, kisha wanaitwa upya. Mwingine hana hata karatasi ya kuonyesha alianza lini. Na Kenya haina bima ya kukosa kazi ya kukushika wiki mbili. NSSF ni ya uzeeni, haikununulii unga mwezi huu.

14/ Mtu atasema hayo ni ya 2010. Machi 2020 Korona ilifunga Ulaya, maua yakatupwa tena, watu wakarudishwa nyumbani tena. Novemba 2025 volkano ya Hayli Gubbi, Afar, Ethiopia, ililipuka. Jivu likavuka hadi Yemen na Oman, likafika India, safari zikafutwa. Upepo ungeelekea kusini, tungekuwa na hadithi nyingine hapa Embakasi.

15/ Kwa hivyo mwanasiasa akija Pipeline au Kayole na kipaza sauti akisema atatetea vibarua, muulize haya:
a) Kifungu cha 37 utakitekeleza vipi, na wakaguzi wa kazi wangapi?
b) Unaunga mkono mfuko wa kukosa kazi? Nani achangie: mwajiri, mfanyakazi, serikali, ama wote?
c) Mbali na ndege za Ulaya, mazao yetu yana soko gani lingine?

16/ Kila jibu lina gharama. Mfuko unakatwa kwenye mshahara, na tunajua vile watu wamechoka na makato. Akikuahidi mfuko bila kutaja makato, anakudanganya. Akikataa mfuko, akwambie wewe utakula nini wiki ile geti imefungwa.

17/ Mlipuko wa mlima ni kazi ya Mungu, sibishi. Lakini aliyeamua abiria apewe chakula na kibarua arudi nyumbani mikono mitupu ni binadamu, tena kwa kalamu. Kilichoandikwa kwa kalamu kinaweza kuandikwa upya.

Kama ulikuwa maghala ya JKIA ama mashamba ya Naivasha mwaka ule, weka yako hapa chini. Nitasoma zote.