Zinj na Wenzake: Rekodi za Korongo la Olduvai

Julai 2019, miaka 60 tangu Zinj, zamadamu (binadamu wa kale) anayejulikana kwa fuvu lake, aonekane, mnara wa mafuvu mawili makubwa ulisimamishwa penye njia panda ya kuingilia Olduvai, barabara ya Ngorongoro kwenda Serengeti. Fuvu moja ni lake, la pili ni la zamadamu mwingine, Homo habilis. Zinj amestahili heshima hiyo.

Rekodi yake ya kwanza ni ya magego. Katika ukoo mzima wa zamadamu hakuna waliowashinda jamaa wa Zinj kwa ukubwa wa magego. Ugunduzi wenyewe ulikuwa hivi: tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey aliona mfupa umechomoza mtelemkoni, kisha meno. Mumewe, Louis, alikuwa amelala kambini akiumwa. Fuvu lilipatikana likiwa vipande takriban 400, vikaunganishwa kimoja kimoja.

Rekodi iliyotikisa dunia, hata hivyo, ni ya umri. Louis alikisia miaka 600,000. Mwaka 1961 wataalamu wa Berkeley, Evernden na Curtis, walipima potasiamu na gesi ya agoni katika tabaka la majivu ya volkano, wakapata miaka milioni 1.75, karibu mara tatu ya makisio yake! Visukuku vikongwe zaidi vimepatikana baadaye, lakini kwangu ushindi wa Zinj haujafutika: kwake ndipo dunia ilipokubali kwamba historia ya binadamu ni ndefu kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba inapaswa kutafutwa Afrika.

Kwa ukongwe wa nyayo, taji ni la Laetoli, kusini mwa Olduvai. Miaka milioni 3.66 iliyopita zamadamu walikanyaga majivu mabichi ya volkano. Njia yao ya mita 27 hivi iligunduliwa mwaka 1978. Imefukiwa tena ili isiharibike, hivyo mgeni huona nakala yake katika makumbusho ya Olduvai. Fuvu halisi la Zinj liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, tangu 1965.

Fuvu hilo halikuwa na taya la chini. Taya la kwanza la jamii yake lilipatikana mwaka 1964 Peninj, karibu na Ziwa Natron, na aliyeliona ni Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kama kibarua wa kuchimba kwa akina Leakey. Maonyesho ya Zinj yasiyomtaja Kamoya yana pengo kubwa. Wachimbaji wengi wa Kiafrika walipitiwa kimya. Yeye walau alitunukiwa medali ya National Geographic mwaka 1985, Ikulu ya Marekani.