Kukanusha katika Lugha ya Kihispania

Katika bara la Afrika, Kihispania ni lugha rasmi nchini Guinea ya Ikweta, nchi iliyopata uhuru wake kutoka Hispania tarehe 12 Oktoba 1968. Aidha, lugha hiyo ni mojawapo ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, na katika Umoja wa Afrika imo pamoja na Kiswahili. Kwa hiyo askari atumwaye ugenini, au jamaa yake, aweza kukutana nayo. Ajifunzaye lugha hiyo hana budi kuzingatia mapema namna ya kukanusha, kwani kosa dogo hapo hugeuza maana yote.

Neno la msingi ni no, nalo hutangulia kitenzi. Trabajo ni "ninafanya kazi"; no trabajo ni "sifanyi kazi". Lakini ukitia mkato, No, trabajo, maana yake huwa "La, ninafanya kazi".

Yapo na maneno mengine: nada (kitu chochote), nadie (mtu yeyote), nunca (kamwe). Haya yakifuata kitenzi, no hubaki mahali pake. Tuseme polisi anaandika maelezo ya shahidi wa wizi, na shahidi asema: No vi a nadie. Yule aliyezoea hesabu, ambamo hasi mara hasi huzaa chanya, ataandika kwamba shahidi alimwona mtu. Na kwa kosa hilo raia asiye na hatia aweza kutiwa mbaroni. Kumbe shahidi amesema, "Sikumwona mtu yeyote." Katika Kihispania neno la pili la kukana hukaza la kwanza, wala halilifuti. Mswahili naye husema "sikuona mtu wala mnyama", na hakuna adhaniaye kwamba mnyama alionekana.

Neno la kukana likitangulia kitenzi, no huondolewa. Nadie vino na No vino nadie yote ni "hakuja mtu". Bali Vino nadie ni kosa.

Vielezi navyo vyataka uangalifu. Todavía no ni "bado". Ya no ni "si tena". Mama amwambiaye daktari Mi hijo todavía no come asema mtoto wake bado hajaanza kula. Akisema Mi hijo ya no come, mtoto alikuwa akila na sasa ameacha, na pengine ni mgonjwa. Daktari atauliza maswali tofauti kabisa kwa kila jibu.

Hali kadhalika, "pia" ni también katika kukubali, na tampoco katika kukana. Mtu akisema No fumo, yaani "sivuti sigara", mwenzake asiyevuta hujibu Yo tampoco. Kujibu Yo también no si sahihi.

Njia nyepesi ya kuzoea mambo haya ni kutunga kila jioni sentensi tano, kisha kuzikanusha kwa sauti, mmoja wa nyumbani akisikiliza na kusahihisha kwa kitabu.